Sentimita Mbili Kila Mwezi

4 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu iweke akiba kwa siku nitakayokukosea. Mimi mzima, mume wangu Baridi mzima, nyumba nzima nzima. Baridi bado anazunguka mjini kutengeneza mafriji ya watu, na letu halijagandisha hata kijiko cha maji tangu tuoane. Kazini nako kwema. Bado niko kwenye ile ile studio ya picha za pasipoti na vitambulisho, naendelea kuwakataza watu wazima wasicheke. Jana mzee mmoja alikaa kitini, nikamwambia, "Usitabasamu baba," akaanza kucheka mpaka meno ya bandia yakamdondokea mapajani. Nilimpiga picha kumi na mbili, hakuna hata moja iliyofaa.

Sasa keti. Umeketi? Nina mimba! Wiki ya kumi na sita. Ningekupigia, lakini nasikia simu yako ilizama kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa, na kusema kweli habari hii nilitaka uisome, uikunje, uifungue tena. Kijitabu nilichopewa kliniki kinasema mtoto wa umri huu anaweza kukunja ngumi. Hajazaliwa, hajaudhiwa na mtu, ngumi ya nini? Baridi amempa jina la Abiria, kwa sababu anasafiri bure na hasemi anashukia wapi.

Nina ombi moja na swali moja. Ombi: sketi zangu zote zimegoma, nishonee gauni. Vipimo hivi hapa: kifua 90, tumbo 86, nyonga 98. Swali: wewe ulipokuwa na mimba ya Bonge ulijisikiaje? Ulikuwa unafurahi tu kutwa nzima? Niambie, nataka kulinganisha.

Mwanao,
Mpiga Picha


17 Februari

Mwanangu Mpiga Picha,

Marahaba, marahaba, na ile ya tatu nimeshaitumia. Hapa sote tu wazima isipokuwa cherehani yangu, ambayo inakohoa. Barua yako niliisoma dukani kwa sauti, wateja wakiwepo. Mwanamke mmoja aliyekuja kubadilishiwa zipu alinikumbatia na hata jina lake silijui. Baba yako nilipomwambia aliuliza, "Una hakika?" mara tatu, kisha akatoka nje, akarudi, akauliza ya nne. Kaka yangu huyo furaha humtoka kwa awamu.

Gauni utalipata, tena la kupanuka. Nitaacha nafasi ubavuni niwe naifumua kadiri Abiria anavyojitanua. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi nataka vipimo vipya, vitatu vile vile. Pima bila nguo, futi ipite kwenye kitovu, na usivute tumbo ndani. Nakujua. Umeshinda miaka minne na watu wanaopigwa picha, umeambukizwa.

Kuhusu Bonge: tumbo lilikua, Bonge akatoka, sasa ni dereva wa lori na anakula mikate miwili kwa mkupuo. Hapo ndipo hadithi inapoishia. Tuendelee na gauni. Unapenda marinda au hupendi?

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima kama kawaida yangu. Barua yako imenifikia jana tu, maana ulimpa Bonge, na Bonge aliisahau chini ya kiti cha lori. Imefika ikinuka ndizi. Nimeisoma huku nimeshika mbavu.

Vipimo: kifua 92, tumbo 88, nyonga 100. Marinda napenda.

Abiria ameanza kucheza. Wenzangu waliniambia ningehisi mtikisiko mwepesi mno, nisiuelewe. Uongo mtupu, huyu anahamisha makochi. Baridi kila jioni anapiga magoti, anaweka sikio, kisha ananisomea ripoti ambayo mimi ndiye niliyestahili kuitoa. Studio tumepata taa mpya, kali hiyo, inaonyesha hata mawazo ya mtu. Mimi nakaa nyuma yake.

Kliniki nitakwenda, wiki hii tumebanwa na wanafunzi wanaotaka picha za vyeti. Na swali langu kuhusu Bonge umelikwepa kama mtu anayekwepa dimbwi. Nimeona!

Mwanao


5 Aprili

Shangazi wa mimi,

Shikamoo na samahani kwa kuchelewa siku chache, kazi tu. Mimi mzima sana. Wiki ya ishirini na nne imekatika, na kijitabu kinasema masikio ya Abiria yameanza kufanya kazi. Baridi aliposikia hivyo akaona aanze malezi mapema. Jana alijilaza kando ya tumbo langu akamsomea kitabu cha maelekezo ya friji, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Usifungue mlango mara kwa mara. Usiweke vyakula vya moto." Nilimwambia mtoto atazaliwa akiwa na dhamana ya miaka miwili. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Vipimo: kifua 94, tumbo 90, nyonga 102.

Picha nzuri wiki hii: mapacha waliokuja kupiga pasipoti wakabadilishana mashati katikati ya kazi, sasa hatujui nani ni nani, na wao wanagoma kusema. Nakubusu mashavu yote mawili.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Salamu zote chukua, za baba yako zikiwa juu kabisa. Kuku wake mmoja amepotea, na amegoma kula mayai ya wale waliobaki kwa sababu anasema wanajua kitu.

Sasa nisikilize. Vipimo vyako vya miezi mitatu nimevipanga juu ya meza ya kukatia. Tisini, tisini na mbili, tisini na nne. Themanini na sita, na nane, tisini. Nyonga hivyo hivyo. Mbili hapa, mbili pale, mbili kila mahali, kila mwezi. Mwanangu, nimepima watu miaka thelathini na moja. Nimepima maharusi, mahakimu, na bwana mmoja aliyekuwa na mabega mawili yasiyojuana. Sijawahi kukutana na mwili unaopanda mbili mbili. Mwili ni mkaidi. Mwezi huu unakataa, mwezi ujao unaruka tano, nyonga inabaki nyuma inalalamika. Na tumbo la wiki ya ishirini na nne haliendi sambamba na kifua hata siku moja.

Vipimo hivi hukuvipima. Umeviandika.

Sina hasira. Naogopa, na nasema waziwazi kwamba naogopa. Kwa nini hukupima? Kliniki umekwenda? Na tena, barua zako siku hizi zinachekesha kupita kiasi. Wewe hukuwa mchekeshaji. Wewe ndiye uliyelia siku ya harusi yako kwa sababu keki ilikatwa kabla hujaiona.

Nimenunua simu. Nimepiga mara tisa. Mara zote Baridi amepokea na kusema uko bafuni. Hakuna binadamu anayeoga mara tisa.

Shangazi yako


6 Mei

Mwanangu,

Siku kumi na saba hujanijibu. Bonge nimemkagua, lori nimelikagua, chini ya kiti hakuna barua. Baridi ananiambia kwenye simu kwamba uko salama, una furaha, umechoka kidogo tu. Maskini ya Mungu, anaamini.

Basi nianze mimi. Nakubana useme kweli, na yangu mwenyewe nimeikalia miaka ishirini na tisa.

Uliuliza nilijisikiaje na mimba ya Bonge. Sikujisikia. Ndiyo jibu. Kuanzia mwezi wa nne mambo yote yalipoteza ladha, na mtoto nilimbeba kama mzigo wa mtu aliyeniambia nimshikie kidogo halafu asirudi. Nilikuwa na foronya moja ya mteja. Naishona asubuhi, naona mshono umepinda, naifumua. Naishona tena, naifumua. Mwezi mzima foronya moja. Siku nyingine nilipunguza suruali ya mwalimu, nikashona miguu yote miwili ikaziba chini. Mwalimu alipojaribu kuivaa alisimama katikati ya duka kama mtu aliyeingia kwenye gunia. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Kisha nikaingia nyuma ya pazia, nikalala sakafuni.

Sikumwambia mtu. Waliita deko. "Mimba inamdekeza," walisema, na mimi nikaona afadhali deko kuliko kichaa. Nikajikaza kisabuni. Sikuwa nikila inavyotakiwa, wala kwenda kupimwa. Bonge alizaliwa na kilo mbili na robo. Ndiyo, Bonge huyo huyo. Hali yangu haikutulia mpaka alipoota jino. Baba yako peke yake ndiye aliyeona. Alikuja kila jioni, akakaa jikoni, akamenya viazi. Hatukuwa na neno la kuiita hali ile, wala yeye wala mimi.

Hayo nimeyasema mara moja, nayo ni hii.

Niandikie hata mstari mmoja. Mstari ukikushinda, nitumie karatasi tupu ndani ya bahasha. Nitaelewa.

Shangazi yako anayekupenda mno


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara mkono unaandika "mimi mzima" wenyewe, kabla sijaukataza, na mimi nachana karatasi. Hii ni ya tano. Mimi si mzima.

Kliniki nilikwenda ile mara moja tu. Vipimo vya Februari nilivipima kweli. Machi nilishika futi, nikasimama mbele ya kioo, nikashindwa kujigusa tumbo. Niliogopa litakuwa kubwa, niliogopa litakuwa dogo. Nikajiambia mtoto mwenye adabu ataongezeka mbili. Nikaongeza mbili. Aprili nikaongeza tena.

Usingizi sina. Chakula nakipika, Baridi anakula, mimi nasema nimeshaonja vya kutosha jikoni. Studio kuna kachumba ka kubadilishia nguo, ukubwa wa kabati. Kati ya mteja na mteja naingia humo, nafunga pazia, nalia dakika tatu. Nimeshajua dakika tatu ni kiasi gani. Halafu natoka namwambia mtu, "Inua kidevu." Abiria anacheza, ni kweli anacheza, na mimi sisikii raha yoyote. Namhisi kama jirani wa ghorofa ya juu. Mizaha ndiyo imebaki, inatoka yenyewe, na kila mtu akicheka mimi naona nimepita salama siku hiyo.

Nina kosa gani kwa huyu mtoto, Shangazi? Hajazaliwa na mimi tayari ni mama mbaya.

Usimwambie baba.


18 Mei

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikainuka nikafunga duka saa nne asubuhi. Jirani yangu wa cherehani ya pili aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtu amesema kweli.

Mama mbaya hawezi kuogopa hivyo. Hilo moja. La pili: mwambie Baridi leo hii, sio kesho, na umwambie bila mzaha hata mmoja. Akianza kucheka mkanyage. La tatu: kliniki, wiki hii. Ukifika mbele ya mkunga ulimi ukakwama, usihangaike kutafuta maneno. Umeshayaandika. Ile barua yako ya tarehe kumi na nne nakurudishia ndani ya bahasha hii. Mpe aisome.

Na umchunguze mkunga vizuri. Kama ana sura ya kununa kama mtu aliyemeza sindano, mpite, tafuta mwingine. Kama mikono yake ni ya baridi mwambie aipashe kwanza, tumbo lako si meza. Kama atakuambia unadeka, niletee jina lake, nitamshonea suruali ya mwalimu.

Baba yako sijamwambia. Ila jana alileta viazi dukani kwangu bila sababu, akauliza, "Anaendeleaje kweli?" Hilo "kweli" lake, mwanangu, nalijua mimi.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi!

Shikamoo, na kabla sijasema lolote, nimekuaibisha, umeniaibisha, tumeaibika sote wawili. Soma taratibu.

Baridi nilimwambia siku ile ile. Alikuwa ameshika bisibisi. Aliisikiliza habari yote akiwa ameishika hivyo hivyo, kisha akasema, "Mimi natengeneza vitu, nikajua nawe umetengemaa kwa sababu unatoa sauti." Akalia kabla yangu. Kesho yake akafunga kazi tukaenda kliniki.

Mkunga ni mama mfupi, mpana, ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akaniuliza, "Tatizo ni nini, mama?" Ulimi ukakwama kama ulivyosema. Nikafungua bahasha, nikachomoa karatasi, nikampa. Akavaa ile miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akaanza kusoma. Akasoma, akasoma. Akanitazama. Akasema, "Mimi nimemeza sindano?"

Nilikuwa nimempa barua yako!

Nilitamani sakafu inimeze. Baridi akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Mkunga akamaliza kusoma mpaka mwisho, akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu akasema, "Gusa. Ni ya moto?" Nikagusa. Ilikuwa ya moto. "Basi," akasema, "sasa nipe barua yenyewe." Nikampa ile yangu. Hiyo aliisoma bila kunitazama hata mara moja, na alipomaliza aliikunja vizuri akanirudishia kwa mikono miwili.

Akaniuliza maswali kumi kutoka kwenye karatasi yake. Usingizi, woga, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Sijawahi, nilimwambia kweli. Alipouliza kama bado naweza kucheka nikamjibu, "Sana, mimi ndiye mchekeshaji wa ofisini." Akaweka kalamu chini. "Nimeuliza kama unaweza kucheka," akasema. "Sikuuliza kama unaweza kuchekesha." Shangazi, nililia hapo zaidi ya dakika tatu.

Ina jina. Inaitwa sonona. Anasema inawapata wajawazito wengi, wengi kuliko wanaosema, na sio deko wala laana wala kosa. Nilimuuliza kama nimemwumiza mtoto kwa kulia. Akasema machozi hayampunguzi mtoto. Shida ni miezi ya kukosa usingizi, kutokula, na kukaa bila kupimwa, na hayo tunaweza kuyashika kuanzia leo.

Halafu akatoa futi. Futi kama yako! Akapima kutoka mfupa wa kinena mpaka kilele cha tumbo. Anasema kwa kawaida sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Mimi niko wiki ya thelathini na mbili na siku kadhaa. Ilisoma ishirini na tisa. Akanipeleka kwenye kipimo cha picha, na hapo mpiga picha mimi nikapigwa picha. Abiria ni mdogo kidogo kuliko tarehe zake. Moyo unakwenda vizuri, mbio mbio kama anachelewa mahali. Viungo vyote vipo. Na kwenye picha ameinua kidevu, sijamwambia!

Kila Jumanne nitaonana na mshauri, na kuna wanawake wengine sita tunakaa pamoja. Kila baada ya wiki mbili, futi. Baba sasa unaweza kumwambia. Mkunga anakusalimu. Anasema sura yake ndivyo alivyozaliwa nayo.

Mwanao


9 Juni

Mpiga Picha wa mimi,

Nimecheka mpaka nikashona kidole changu kwenye kola ya mtu. Kwa kweli, uzi ulipita kwenye ngozi. Mwambie mkunga namwomba radhi kwa magoti, na kama anahitaji koti la kazi nitamshonea lenye mifuko miwili ya miwani.

Sonona. Nimelitamka neno hilo siku nzima. Miaka ishirini na tisa nilikuwa na ugonjwa wenye jina zuri hivyo, na mimi naita deko! Nilimwambia baba yako, ulivyoruhusu. Alilirudia taratibu, akauliza linaandikwaje, akaliandika kwenye kiganja. Kisha akaniuliza, "Na wewe wakati ule?" Nikamwambia ndiyo. Tukamenya viazi, halafu nikamshukuru. Akasema viazi vilikuwa vingi tu mwaka ule. Mwongo mkubwa.

Gauni linakuja na Bonge. Nimelishona bila vipimo vyako hata kimoja, lina kamba mbele, livute au liachie upendavyo. Halina marinda, maana nilikuwa na haraka ya furaha. Bonge nimemtishia, halitakaa chini ya kiti.

Sasa nataka namba. Nataka namba zenye sura mbaya, zenye nusu na robo, zisizofanana. Ukinitumia namba nzuri nitakuja huko na futi mkononi.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi mwenye futi,

Shikamoo. Leo naweza kuandika kwamba mimi mzima kiasi, na neno "kiasi" mshauri wangu amelipenda sana.

Gauni limefika. Nalivaa kazini, nyumbani, na Jumapili. Wateja wanauliza ni mtindo gani. Nawaambia ni mtindo wa haraka ya furaha.

Namba hizi hapa, amepima Baridi, nimeshikilia mimi: kifua 97 na nusu. Tumbo 102 na robo. Nyonga 101. Na tulipofika kwenye tumbo Abiria aliipiga futi teke, ikaruka, tukaanza upya mara tatu. Shangazi, nilicheka. Nilicheka mwenyewe, hakuna aliyekuwa anasubiri nichekeshe. Nikaweka mkono palepale aliporusha mguu, nikamwambia, "Wewe nani?" Nilitaka kweli kujua.

Mkunga naye amepima: thelathini na nne, wiki ya thelathini na saba. Bado yuko nyuma kidogo, lakini anapanda, na anapanda ovyo ovyo, sio kwa adabu. Baridi amejiteua bwana chakula. Mayai asubuhi, maharage mchana, uji jioni, anasimama mlangoni mpaka nimalize. Usiku analala yeye kwanza, kisha nami nalala, kwa muda wa saa tano, sita, siku nyingine saba. Siku mbaya zipo. Jumanne iliyopita sikuinuka kitandani mpaka mchana. Ila siku hizi siku mbaya nazisema, na mwenye studio amenipa kiti nyuma ya kamera niache kusimama.

Mkunga ameniambia jambo moja ambalo sitakuficha. Sonona inaweza kurudi mtoto akishazaliwa. Akaniuliza, "Ikirudi utafanyaje?" Nikajibu nitasema. "Utasema lini?" Nikajibu siku hiyo hiyo. Akaniambia nirudie.

Mwanao


29 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Kwa simu ningekutania tu, kwa hiyo barua hii naiandika Bonge akiwa sebuleni anasubiri, nimemwambia asiondoke bila hii na asisimame njiani.

Baridi ameshakupigia: ni msichana. Alizaliwa tarehe ishirini na moja, saa mbili asubuhi, kilo mbili na gramu mia saba. Mkunga alimweka kifuani kwangu na ngumi zimekunjwa. Sote tulilia, Baridi akampigia simu mpaka fundi mwenzake. Siku nne zilikuwa tamu, sina la kusema.

Tangu Jumamosi haziko hivyo. Jana nilimnyonyesha, nikamlaza, nikakaa namtazama, na sikusikia chochote. Kimya kile kile cha Machi. Nikaogopa mikono yangu itamwangusha. Nilikuwa na mzaha mzuri kabisa wa kumwambia Baridi aliporudi, nikaukuta uko mdomoni tayari, nikaumeza. Nikamwambia ilivyo. Amechukua likizo ya siku saba kazini. Nimempigia mkunga, kesho saa tatu tunaonana naye na mshauri.

Nakuambia na wewe. Njoo.

Mwanao


31 Julai

Mwanangu,

Bonge alifika kwangu jana jioni, akanipa barua hata injini hajaizima. Nilisoma, nikafunga duka, nikamwachia jirani funguo na magauni matano ya watu. Mmoja ni bibi harusi. Atanisubiri au ataolewa amevaa sketi.

Hii barua haiendi posta wala hapewi Bonge. Naiandika ndani ya lori, Bonge anaendesha na anaimba vibaya, ndiyo maana mwandiko unaruka. Baba yako amekaa katikati yetu na gunia la viazi miguuni. Kila tukipunguza mwendo anamgonga Bonge begani.

Nimepanga kukuandikia mengi. Kwamba umefanya kwa siku chache kitu ambacho mimi kilinichukua miaka ishirini na tisa. Kwamba nitakaa mpaka uniambie niondoke, na ukiniambia nitajifanya sijasikia. Lakini naona taa za mji wenu, na mapenzi yangu kwa karatasi yameisha ghafla.

Kwa hiyo nitakupa hii mkononi. Ukimaliza kuisoma, inua macho. Nimesimama mbele yako, nimeshanawa. Nipe huyo mtoto, wewe nenda kalale.